Kupanga Safari ya Likoma

Yapata miezi minne sasa sisi vijana watatu wa darasa la mwisho tunapanga safari ya kisiwani, na mpaka leo hatujafunga hata mzigo mmoja. Wenzetu wa bweni wanatucheka. Wasema tumekwenda na kurudi mara kumi bila kushuka kitandani. Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili alipopata habari alinitaka niandike, maana ati watu hupenda kusoma mipango ya safari kuliko safari yenyewe. Basi nimeandika, na wasomaji wataamua wenyewe.

Kwanza niwajulishe wasafiri. Mmoja tunamwita Nahodha, kwa sababu watu wa mama yake ni watu wa ziwani. Kwao ni Chilinde, katika mji wa Lilongwe. Wa pili tunamwita Karani, kwa kuwa ndiye ashikaye daftari la fedha, na mkono wake ni mgumu kufunguka. Wa tatu ni mimi. Mimi nakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Wanafunzi wa zamani walioondoka hapa miaka mingi wataijua Dzaleka kwa habari nyingine: ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa zamani za Rais Banda, na jina lake kwa Kichewa ni kama mtu asemaye, “Nitaacha, sitarudia tena.” Mwaka 1994 ikafanywa kambi. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu. Leo tumo zaidi ya elfu hamsini, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kisimani na sokoni.

Nia ya kwanza haikuwa Likoma. Ilikuwa Unguja. Karani alikuwa ameona picha ya pwani ya Nungwi, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, naye akaapa kwamba lazima auguse mchanga ule kabla hajaanza kazi ya mshahara. Tukachukua ramani ya darasani, tukapima kwa uzi: Lilongwe mpaka Mzuzu, Mzuzu mpaka Karonga, kisha mpaka wa Songwe, Mbeya, Dar es Salaam, halafu meli ya kuvuka bahari. Uzi ulikuwa mfupi sana. Nauli ndizo zilizokuwa ndefu. Tena Karani akagundua kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nchi nyingine hutakiwa kukata bima ya dola 44 kabla ya kufika. Alipozigeuza dola zile kuwa kwacha akakaa kimya muda mrefu, kisha akaandika katika daftari, “Unguja: baadaye.”

Kwangu mimi Unguja ilikuwa imekwisha kabla ya bima. Hawa wenzangu ni Wamalawi. Wakiwa na pasipoti huingia Tanzania bila viza. Mimi sina pasipoti ya nchi yoyote. Mkimbizi akitaka kuvuka mpaka kwa halali hana budi apewe hati maalumu ya kusafiria, na hati hiyo haipatikani kwa sababu ya kwenda kuogelea. Nilikuwa nimelijua jambo hili tangu siku ya kwanza, wala sikulificha. Niliwaambia wapime uzi wao kwanza, kwa kuwa nilitaka kuona njia ile kwenye ramani. Ndiyo njia niliyojia mimi, ila mimi niliijia kutoka upande wa pili. Mwaka 2012, nilipokuwa mtoto wa miaka sita, mama alituvusha Ziwa Tanganyika usiku, kutoka Baraka mpaka Kigoma, tukaenda Mbeya, tukashuka Songwe, tukaandikwa majina Karonga, ndipo tukaletwa Dzaleka. Ile ndiyo mara yangu ya pekee kupanda chombo cha majini. Nakumbuka harufu ya mafuta ya injini, na sauti ya mwanamke mmoja aliyekuwa akihesabu watoto wake gizani, akifika wanne anaanza tena.

Aliyetutoa Unguja na kutupeleka Likoma ni mama yake Nahodha. Sisi sote twamwita Amayi, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Amayi anauza usipa, yaani dagaa wa ziwa hili, katika soko la Chilinde, na Jumapili moja ya mapumziko tulipokwenda kumsalimu alitukuta tumeitandaza ramani juu ya meza ya kuanikia samaki. Akauliza twatafuta nini. Nahodha akamwambia twatafuta kisiwa. Amayi akacheka hata akaweka chini kibaba chake.

“Mwanangu,” akasema, “mama yangu mimi yuko kisiwani, hajakuona tangu una meno ya maziwa, nawe watafuta kisiwa cha watu?”

Basi mambo yakageuka palepale. Agogo, yaani bibi yake Nahodha, anakaa Likoma. Macho yake yamepungua nguvu, na miwani yake imevunjika. Amayi mwenyewe hawezi kwenda, kwa sababu akiiacha meza yake ya sokoni juma mbili ataikuta ina mwenyewe mwingine. Hivyo safari yetu ya starehe ikapata kazi mara moja: kupeleka miwani, kitenge kimoja, na gunia la unga wa mahindi. Unga kwa sababu ardhi ya Likoma ni ya mawe na mchanga. Muhogo hukubali, lakini mahindi hayatoshi, na chakula kingi hutoka bara kwa chombo. Malipo yetu yatakuwa kulala bure na kula samaki mpaka tuseme basi. Karani aliposikia neno “bure” akafuta Unguja kabisa katika daftari, asiandike tena hata “baadaye.”

Labda wako wasomaji wasioijua Likoma, hasa wenzetu wa kambini waliokuja Malawi kwa lori na kuona ziwa kwa mbali tu. Ni kisiwa kidogo, kama kilomita 18 za mraba, na pamoja na jirani yake Chizumulu hufanya wilaya moja ambayo katika hesabu ya 2018 ilikuwa na zaidi ya watu 14,000. Kina mibuyu mikubwa na miembe. Hakina barabara ya kwenda popote, kwa maana ukitembea nusu ya siku umekizunguka. Lakini katikati ya vijiji vyake limesimama kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo urefu wake wakaribia mita 100, nalo lilijengwa na watu wa misheni ya UMCA tangu 1903 mpaka 1911. Mahali pale paliitwa Chipyela, mahali pa kuchomea, kwa kuwa zamani, hivyo wasimuliavyo, walioshitakiwa uchawi walichomwa moto hapo.

Hapa ndipo mwalimu wetu wa historia alipoingia katika mpango bila kualikwa. Tulimwuliza habari ya kanisa akatupa habari ya Unguja. Misheni ile ile ndiyo iliyojenga kanisa la Mkunazini mjini Zanzibar, juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Watumwa wengi waliouzwa pale walitoka pande hizi zetu. Wengine walipakiwa majahazini Nkhotakota, kwa yule mtawala wa Kiswahili aliyeitwa Jumbe, wakavushwa ziwa kwenda mashariki, wakapelekwa kwa miguu mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa baharini. Baadaye misheni ikaleta watu kinyume cha njia ile. Vijana waliosomeshwa chuoni Kiungani, Unguja, walikuja kuwa waalimu na mapadri huku ziwani. Mmojawapo ni Padri Augustine Ambali. Na msalaba ulioko katika kanisa la Mkunazini umechongwa katika mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Wa Likoma nao husemwa kuwa ni wa mti huo huo. Karani alifurahi sana kwa habari hii. Akasema kwamba kumbe kwenda Likoma ni kwenda Unguja kwa bei nafuu.

Sasa nieleze habari ya chombo, maana hapa ndipo ugumu ulipoanzia.

Meli mashuhuri ya ziwa hili ni Ilala. Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1949, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa na kushushwa majini Monkey Bay mwaka 1951. Kwa miaka mingi ratiba yake ilikuwa moja: huondoka Monkey Bay Ijumaa, hupitia Nkhotakota na Likoma na Nkhata Bay mpaka Chilumba, kisha hurudi njia ile ile na kufika kwao Jumatano. Mara moja tu kwa juma. Ukiikosa, umekaa siku saba. Tena ni mzee sasa, na miaka hii ya karibuni imesimama mara nyingi kwa matengenezo, ndipo watu huvuka kwa vyombo vidogo kutoka Nkhata Bay. Mtu wa Likoma haoni shida. Akikosa meli, anaanua nyavu, anapika, anangoja. Wakati ni wake.

Wangu sio wangu. Mkazi wa kambi hana ruhusa ya kutoka na kukaa mahali pengine apendavyo. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilijiwekea masharti, na moja ni hilo la kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wote waliokuwa wakikaa na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Amayi wa Chilinde anamkumbuka jirani yake wa sokoni, Mrundi aliyeuza sukari na mafuta, ambaye alikuwa akimwazima mizani kila asubuhi. Sasa ananunua mizani yake mwenyewe kwa kulipa kidogo kidogo. Kwa safari, mkimbizi huomba kibali, na juu ya kibali huandikwa siku ya kutoka na siku ya kurudi. Njiani kuna vizuizi vya polisi, na polisi husoma tarehe. Kwa hiyo mpango wetu, ambao kwa Nahodha ni habari ya samaki, na kwa Karani ni habari ya nauli, kwangu mimi ni habari ya tarehe mbili.

Tulikaa na kalenda jioni nzima. Tukisema siku moja ya kwenda kwa basi au kwa lori la wanunuzi wa samaki, kupitia Salima na Nkhotakota mpaka Nkhata Bay. Siku mbili za kungoja chombo. Usiku mmoja majini. Siku tano kwa Agogo. Kisha kurudi, jumla ni siku kumi na mbili. Chombo kikichelewa, kumi na tano. Kikiharibika, nani ajuaye? Nahodha akasema niombe mwezi mzima. Nikamwambia kwamba mtu akiomba mwezi mzima kwa kupeleka miwani ataulizwa miwani ile ni mikubwa kiasi gani.

Likatokea na swali jingine, nalo lilituchekesha na kutuumiza kichwa pamoja. Likoma ni ya Malawi, lakini maji yanayoizunguka ni ya Msumbiji, kwa sababu Waingereza na Wareno walipogawana ziwa kwa mapatano ya 1954, mstari ulipita katikati, na visiwa hivi viwili vikabaki vya upande wa huku ingawa vimelala upande wa kule. Unasimama pwani ya Likoma unauona mlima wa Msumbiji kama unavyoiona jiko la shule kutoka bwenini. Basi je, mimi nikiwa chomboni, katikati ya Nkhata Bay na Likoma, nimetoka Malawi au sijatoka? Na kibali changu ni cha Malawi tu? Tulimpelekea mwalimu wa jiografia. Akavua miwani, akaipangusa, akasema kwamba watu wa Likoma huvuka kila siku kwenda kuuza mbuzi na hospitali kubwa, wala hakuna aliyewahi kuwauliza habari za mstari. Kisha akanitazama akaongeza, “Lakini wewe peleka barua.” Nilimshukuru kwa neno lile, kwa maana hakunidanganya.

Barua yenyewe ina sharti lake. Mkuu wa shule amekubali kuniandikia, kwamba mimi ni mwanafunzi wake, ninasafiri na wenzangu wakati wa likizo, na nitarudi darasani tarehe fulani. Barua ya namna hiyo ina nguvu. Lakini ina nguvu kwa muda ule tu ambao mimi ni mwanafunzi. Tukishafanya mtihani wa mwisho katikati ya mwaka, mimi si wa shule tena, ni wa kambi tu. Tena miezi ile ya baridi ndiyo miezi ya mwera, upepo wa kusini unaotia ziwa wazimu. Amayi hataki hata kusikia neno Julai. Alitutajia meli ya Vipya iliyozama Julai 1946, wakafa watu 145, kana kwamba ilizama jana na yeye alikuwapo. Na mwalimu wa historia, ambaye sasa hatuwezi kumzuia, akaongeza habari ya Askofu Chauncy Maples, aliyezama usiku katika dhoruba mwaka 1895, mwaka ule ule aliowekwa kuwa askofu wa Likoma. Kwa hiyo ni likizo ya Aprili, mvua zikipungua na mwera haujaanza, au basi tena.

Baada ya kuyapanga hayo yote ndipo nikaenda kumwambia mama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya fedha. Fedha tuliyo nayo, kwa hesabu ya Karani, yatosha kwenda lakini haitoshi kurudi. Mimi nimepata yangu kwa kuwafundisha hesabu watoto wa mtaa wetu wa kambi, na wazazi hulipa wapatapo. Nahodha amebeba magunia ya Amayi. Karani ameuza kuku wake wawili, na wa tatu yuko njiani. Nilikuwa tayari kumwambia mama kwamba pengo litazibwa. Yeye hakuuliza fedha. Aliuliza, “Ni tarehe ngapi?”

Nikamwambia.

Akasema, “Na wakituita?”

Wasomaji wa kambini watalielewa swali hili bila maelezo; wengine niwaeleze. Jamaa yetu ina faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Tumefanya mahojiano ya kwanza mwaka 2019 na ya pili 2022. Watu wakiitwa huitwa jamaa nzima, kila aliyeandikwa katika faili sharti aonekane kwa macho, na akikosekana mmoja mambo yanaweza kurudi nyuma. Kwa hiyo mama ana sanduku lililofungwa chini ya kitanda tangu 2019. Kila mwaka hulifungua, hutoa nguo zangu zilizokuwa ndogo, huwapa watoto wa jirani, hutia kubwa zaidi, hulifunga tena. Sisi hatuendi mbali. Dada yangu alichaguliwa kwenda kuimba na kwaya Blantyre, hakwenda. Mimi nilikataa nafasi ya kucheza mpira Zomba. Hatukulazimishwa na mtu. Ni kwamba tunangojea.

Nikamwambia mama neno ambalo nilikuwa nimelikalia muda mrefu: kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili letu ni la huko; kwamba tangu siku ile hatujasikia hata neno moja; kwamba mtu angojeaye basi hujua walau kituo kilipo. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema, “Siku wanayokuita ni siku ile usiyokuwapo. Ndivyo ilivyo.” Kisha akaendelea na maharagwe yake, nami nikatoka nje nikafikiri kwamba Likoma imekwisha kama Unguja ilivyokwisha.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani mwenye simu nzuri, nikawapelekea wenzangu habari kwamba waende wawili. Nilidhani hilo ndilo la haki. Agogo si bibi yangu. Majibu ya Karani yalikuwa hesabu: kwa watu wawili gunia la unga halibebeki, na nauli ya mchukuzi haimo daftarini. Majibu ya Nahodha yalikuwa mafupi zaidi. Aliandika kwa Kiswahili chake ambacho bado kinajifunza kutembea, “Tatu ni tatu.” Nilitaka kumsahihisha, kwamba watu ni “watatu.” Nikaliacha lilivyo.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu mama aliniuliza, kama mtu aulizaye bei ya chumvi, “Huko kisiwani kwenu, maji ya ziwa watu hunywa?”

Nikasema hunywa, hayana chumvi.

“Kama Idjwi,” akasema.

Sharti niseme kwamba mama amezaliwa Idjwi. Ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Kivu, katikati ya Kongo na Rwanda, nacho ni cha Kongo. Nalijua jambo hili kama mtu ajuavyo kundi lake la damu, maana limeandikwa katika karatasi zetu. Lakini mama hakuwa na mazoea ya kutusimulia. Jioni ile alisimulia. Alisema migomba hushuka mpaka majini. Alisema siku ya kwenda sokoni Bukavu mitumbwi ilijaa mananasi hata mtu akaketi juu ya ukingo, na kwamba wavulana walishindana kupiga kasia wakiimba, na mvulana aliyelowesha mzigo wa mwenziwe alilipa. Alisema wakati vita vilipokuwa vikipita bara watu walivuka kuja kwao kutafuta usalama, na nyumba ya baba yake ililaza watu sebuleni miezi mingi. Nikamwuliza kama watu walikuwa wakienda Idjwi kupumzika tu, kutazama maji. Akafikiri. Akasema hakumbuki mtu wa namna hiyo, ila padri mmoja mgonjwa wa kifua.

Kisha akasema kwamba tangu Bukavu ilipotwaliwa na waasi, Februari 2025, hajapata sauti ya ndugu yake aliyebaki kule. Hakulia. Mama yangu si mtu wa kulia. Alisema tu kwamba yeye amekwisha sahau maji ya ziwa yanavyolia usiku mtu akiwa amelala ndani na mlango umefungwa. Si mawimbi ya mashua, alisema. Yale anayakumbuka sana.

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa ofisi za kambi akauliza kama kijana wa jamaa yenye faili anaweza kupewa kibali cha juma mbili, na kama kuna namna ya kuandika katika faili kwamba yuko Likoma na si amepotea. Alirudi mchana. Akasema wamempa karatasi ya kujaza, na kwamba wataka barua ya shule, na barua ya mwenyeji wetu, iliyopigwa muhuri na mkuu wa kijiji cha Likoma. Akaongeza kwamba niache namba ya simu ambayo hupatikana kisiwani, na kwamba wakiita, nitapanda chombo cha kwanza hata kama ni cha mbuzi. Nikaahidi.

Basi hapa ndipo tulipofika. Barua ya shule iko tayari, imo katika kitabu changu cha kemia. Barua ya mkuu wa kijiji inaletwa na mwanamke mmoja muuza samaki, ambaye atashuka Nkhotakota na kuipeleka Chilinde kwa Amayi, Mungu akipenda, kabla ya mwisho wa mwezi. Fomu nimeijaza, isipokuwa mahali palipoandikwa “Sababu ya safari.” Nahodha ataka niandike “kumsaidia mzee.” Karani asema “masomo ya historia,” kwa sababu ya kanisa. Zote mbili ni kweli. Mimi nimeandika kwa penseli “Likizo,” nikaifuta, nikaiandika tena, na bado ni penseli. Mama ameisoma akasema kwamba hata yeye angependa kuona kama wataipiga muhuri.

Mama mwenyewe ametoa agizo moja. Hataki samaki wala kitenge. Ataka usiku mmoja, Agogo akiwa amelala na mlango umefungwa, nimpigie simu na niiweke karibu na dirisha, nisiseme neno. Karani ameandika vocha ya simu katika daftari, chini ya unga.

Mwanafunzi yeyote wa zamani anayekaa Nkhata Bay, Nkhotakota au Likoma, naye ajua kama Ilala itasafiri mwezi wa Aprili, tafadhali amwandikie Mhariri upesi. Kama haitasafiri, atuambie ni chombo gani kilicho imara, na kama gunia la kilo 50 hulipishwa kama abiria au kama mzigo. Karani ataka jibu la hili la mwisho kwa maandishi.